Majina ya Mimea ya Amani: Bustani, Msitu na Lugha katika Usambara ya Mashariki

Katika milima ya Usambara ya Mashariki, juu ya mji wa Muheza katika Mkoa wa Tanga, kuna mahali paitwapo Amani. Hapo mgeni aweza kuona, kwa mwendo wa siku moja, mimea ya nchi za joto iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia, na kando yake msitu wa asili ambao baadhi ya miti yake na wanyama wake hawaonekani penginepo. Amani pamekuwa bustani ya majaribio tangu mwaka 1902, na tangu mwaka 1997 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Wataalamu wa mimea, wa ndege na wa maradhi wameandika mengi juu yake. Makala haya yanaangalia upande mmoja tu wa historia hiyo, nao ni majina: nani aliyeipa mimea ya Amani majina yake, majina yapi yaliandikwa, na yapi yaliachwa midomoni mwa watu.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo mbele ya mambo ya udongo na mvua. Lakini mtu atafutaye dawa, mbegu au mbao hana mlango wa kuingilia ila jina, na jina likisahauliwa, mara nyingi habari zilizofungamana nalo husahauliwa pia.

NCHI ILIYOITWA KWA MIMEA YAKE

Yafaa kuanza na jina la milima yenyewe. Wenyeji huiita nchi yao Shambaai. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, ameeleza ya kuwa jina hili lataja namna ya nchi: mahali pa juu, penye ubaridi na mvua, panapoota mimea fulani. Kinyume chake ni nyika, yaani tambarare ya joto na ukame iliyo chini ya milima. Mipaka kati ya hizo mbili hutambulikana kwa mimea iliyopo. Basi hapa kuna watu waliojiita kwa jina la nchi, na nchi iliyopambanuliwa kwa majani na miti yake, kabla mtaalamu yeyote wa Ulaya hajapanda milimani kukusanya chochote.

Sauti za jina hilo nazo zina historia. Katika Kishambaa, l iliyo kati ya irabu hudondoka mara nyingi, hata Shambala ikawa Shambaa. Watu wa pwani waliitamka sh kwa s, na mahali pa l wakatia r, wakasema Usambara. Umbo hilo la pwani ndilo lililoandikwa na Wadachi katika ramani na barua zao, na kutoka hapo likaingia katika Kilatini cha elimu ya mimea. Kila mti uitwao usambarensis leo, katika vitabu vya London au Berlin, unabeba matamshi ya Mswahili wa Tanga na Pangani, wala si ya Mshambaa mwenyewe.

Kishambaa hakikukosa waandishi. Karl Roehl, ambaye wasomaji wengi humjua kwa tafsiri yake ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937, alikwisha kutoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Kamusi ya LangHeinrich ilitokea mwaka 1921, na mwaka 1993 Ruth Besha alichapisha msamiati wa lugha hiyo uliopangwa kwa mafungu ya maana. Lakini Roehl na wenzake wa misheni ya Bethel walikaa Usambara ya Magharibi, na wataalamu wa mimea walikaa Amani, upande wa Mashariki, na kati yao bonde la Lwengera. Elimu ya lugha na elimu ya mimea zilianza zikiwa katika milima miwili, na athari ya mwanzo huo yaonekana mpaka leo.

NJIA YA KUPANDIA

Mgeni aendaye Amani kutoka Muheza hupita mashamba ya michungwa na vijiji vya bondeni mpaka afike Sigi, chini ya mlima, ambapo huandikishwa na kupewa maelezo ya hifadhi. Nyumba ya maelezo hayo ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni wakati wa Wadachi. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, mpaka Sigi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha magogo. Reli hiyo imekwisha kung'olewa. Lakini inafaa mgeni akumbuke kwamba lango aingialo kutazama msitu lilijengwa ili msitu utolewe.

Kutoka Sigi njia hupanda kwa kona nyingi. Joto hupungua, ukungu huanza, na majani huwa makubwa zaidi. Amani yenyewe iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 900. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika hapa ukiwa na unyevu wake wote, nao ukipanda mlima hugeuka mvua. Maji ya mvua hiyo huingia katika mto Zigi, na mto huo ndio unywewao na mji wa Tanga. Washambaa walikuwa na msemo wa mambo haya katika siasa yao. Feierman, katika kitabu cha pili cha mwaka 1990, ameandika juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mvua na chakula. Mtu wa Tanga afunguaye bomba la maji asubuhi yumo katika hesabu hiyo, ajue asijue.

BUSTANI YA WADACHI

Serikali ya Kidachi ilianzisha chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, aliyekuwa amesafiri na Emin Pasha katika nchi za maziwa makuu kati ya mwaka 1890 na 1892. Mfano uliofuatwa ni bustani mashuhuri ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java, ambayo leo huitwa Bogor. Mtaalamu wa mimea Albrecht Zimmermann, aliyekuja Amani kutoka Buitenzorg, baadaye akawa mkuu wa chuo tangu mwaka 1911 hata mwisho wa utawala wa Wadachi.

Sababu ya kuanzishwa kwake ilikuwa hasara. Katika miaka ya 1890 makampuni ya Kidachi yalikata msitu wa Usambara ya Mashariki na kupanda kahawa, yakidhani kuwa udongo uoteshao miti mikubwa namna ile lazima uwe na rutuba nyingi. Mibuni ilistawi kidogo, kisha ikadhoofika. Rutuba ya nchi hizi za mvua nyingi imo zaidi katika miti yenyewe na majani yaangukayo. Udongo ulio chini ni mchachu, na msitu ukiisha kukatwa mvua huusafisha upesi. Chuo kiliwekwa ili wapandaji wasirudie kupoteza fedha.

Basi mimea ikaletwa kutoka Asia, Amerika na visiwa vya Bahari ya Hindi ili ijaribiwe: miti ya kwinini, ya kafuri, ya mpira, ya mbao, ya matunda na ya viungo, mamia ya namna. Mwanalugha atazamaye orodha ya mimea ya kigeni iliyoingia katika nchi hii huona jambo lisilobadilika, nalo ni wepesi wa Kiswahili katika kuipokea. Neno likitoka Ureno, kama nanasi au pera, hupata kiambishi cha m- na mi- likawa mnanasi na mpera. Likitoka Bara Hindi, kama fenesi, hufanya vivyo hivyo. Karatusi ilikuja, ukawapo mkaratusi. Mti wa dawa uliokuja kutoka Bara Hindi ulipata jina la kienyeji kabisa, mwarobaini, kwa kuwa yasemekana watibu maradhi arobaini. Ngeli hii haiulizi mti umetoka wapi. Ukisimama na kuwa na shina, umekuwa mwenyeji.

Mifano miwili ya karibu na Amani yaonyesha jinsi majina hayo yalivyofuata fedha. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mmea wa nyuzi wenye asili ya Meksiko, na iliyofika hai ni 62 tu. Hiyo ikawa asili ya mashamba yote ya mkonge ya Tanganyika. Mmea uliitwa mkonge, na nyuzi zake zikaitwa pia katani, neno la Kiarabu ambalo kwa asili ni la kitani. Mfano wa pili ni mpira. Neno hili lilikuwa la utomvu wa mitambaazi ya mwituni, uliouzwa sana pwani katika karne ya 19. Wadachi walipopanda mti wa Kibrazili, Manihot glaziovii, kwa ajili ya utomvu wake, watu waliuita mti huo mpira bila shida. Bei ya mpira ilianguka mwaka 1913 na mashamba yakaachwa. Mti ukabaki, na habari zake zitarudi hapa chini.

Vita vya mwaka 1914 vilipoikata nchi isipate meli, Amani ikawa kiwanda: kwinini ilitengenezwa hapo kwa magome ya miti iliyopandwa bustanini, kwa ajili ya askari wa Lettow-Vorbeck. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Amani.

MIHOGO, NDEGE NA KAMUSI

Baada ya vita bustani ilikaa miaka kadhaa bila matunzo makubwa, mpaka Waingereza walipoifungua tena katika miaka ya 1920, chini ya William Nowell, iwe kituo cha uchunguzi wa kilimo kwa Afrika ya Mashariki yote. Kazi tatu za kipindi hicho zahusu makala haya.

Ya kwanza ni ya mihogo. Ugonjwa wa batobato, ambao Mdachi Warburg alikwisha kuandika habari zake mwaka 1894, ulikuwa ukiwanyima chakula wakulima wengi. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuzalisha muhogo na jamaa yake, yule mti wa mpira ulioachwa na Wadachi, kwa kuwa mti huo haukuugua kama muhogo. Kisha waliurudisha uzao kwa muhogo mara kwa mara mpaka wakapata miche yenye mizizi ya kulika na nguvu za mpira. Mbegu za uzao huo zilipelekwa Afrika ya Magharibi, na kutokana nazo wataalamu wa Ibadan, katika miaka ya 1970, walipata mihogo iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika. Huenda hakuna zawadi iliyotoka Amani iliyo kubwa kuliko hiyo, na chanzo chake ni mti uliohesabiwa kuwa hasara.

Ya pili ni ya ndege. R. E. Moreau alikaa Amani tangu mwaka 1928 mpaka mwaka 1946, naye akawa bingwa wa ndege wa Afrika. Ndege mmoja wa msitu wa Amani, mdogo, mwenye mdomo mrefu, alipewa mwaka 1931 jina la moreaui kwa heshima yake. Moreau hakuijua misitu hii peke yake. Alikuwa na Salimu Asmani, mtu hodari sana wa kutafuta ndege na viota, na habari nyingi za mwenendo wa ndege zilikusanywa na Waafrika waliotumwa kukaa kuviangalia viota saa kwa saa. Watu hao walimweleza Moreau mambo ya ndege kwa lugha walizokuwa nazo, naye akayaandika kwa Kiingereza. Katikati ya hatua hizo mbili palikuwa na msamiati mzima wa rangi, sauti na mwendo wa ndege, na hakuna aliyepewa kazi ya kuuandika.

Ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. P. J. Greenway, mtaalamu wa kupambanua mimea pale Amani, alichapisha mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kutoka Kiswahili kwenda Kilatini na Kiingereza, na chapa ya pili ikatoka mwaka 1940. Msomaji atakumbuka ya kuwa kamusi kubwa ya Padre Sacleux, ambaye naye alikuwa mkusanyaji wa mimea, ilianza kutoka mwaka 1939. Kwa hiyo katika miaka mitatu minne Kiswahili kilipata hazina mbili za majina ya mimea ambazo lugha nyingi za Afrika hazikupata hata moja.

Sifa hiyo isitufiche mpaka wa kazi yenyewe. Kamusi ya Greenway ilitungwa ili mfanyakazi wa serikali, akiletewa jina na wenyeji, ajue ni mmea gani. Kiswahili kilikuwa daraja la kuvukia kwenda kwenye Kilatini. Kishambaa, lugha ya mlima ambao Greenway alikuwa amekaa juu yake, hakikupata kamusi yake mwenyewe ya mimea kutoka kituo hicho. Mwaka 1950 mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ulihamia Nairobi, nacho kituo cha kilimo kikahamia Muguga. Majengo ya Amani yakashikwa na wachunguzi wa malaria.

MSITU

Mgeni akiisha kutoka katika bustani na kuingia njia za msituni, hali ya majina hubadilika. Mbao za mti mmoja mkubwa wa hapa, Cephalosphaera usambarensis, huitwa na wapasua mbao mtambara. Washambaa husema mtambaa. Uhusiano wa majina hayo mawili ni ule ule wa Shambaa na Usambara, na huenda r ya wafanyabiashara iliingia kwa njia ile ile. Mti mwingine, msambu, huzaa matunda makubwa ambayo mbegu zake hutoa mafuta. Kwa Kilatini ni Allanblackia stuhlmannii, kwa jina la mkuu wa kwanza wa chuo. Wenyeji walijua mafuta yake kabla ya Stuhlmann kuzaliwa.

Ua lililoitangaza Usambara kuliko yote ni dogo, la rangi ya zambarau, liotalo juu ya miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kidachi, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Udachi. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia ionantha. Kutokana na mbegu za aina hiyo pamefanyika biashara kubwa ya maua ya madirishani Ulaya na Marekani. Maelfu ya watu walio na ua hilo nyumbani wajua jina la mtawala, na wachache wajua kuwa ni ua la mlima wenye wenyewe.

Mti wa mwisho wa kutajwa ni mhesi. Kwa Kilatini ni Maesopsis eminii, kwa jina la Emin Pasha, na kwao ni Uganda, Kongo na nchi za upande wa Bukoba. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, hukua upesi, na hondohondo hupenda matunda yake na kuzitawanya mbegu. Msitu ulipokatwa kwa mashine katika miaka ya 1970 na 1980, mhesi ulijaza kila mahali palipofunguka jua, hata miti ya asili ikakosa nafasi. Ukataji ule ulisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na hifadhi ikafuata mwaka 1997. Lakini mhesi haukuondoka. Mtoto wa Amani aliyezaliwa na kuukuta aliupokea jina pamoja na miti mingine, na katika jina hilo hamna alama yoyote ya ugeni. Hapa ule wepesi wa lugha wa kuufanya kila mti mwenyeji, uliosifiwa hapo juu, wafunika habari ambayo msitu ungefaidika nayo kama ingekumbukwa.

Watu nao waliguswa. Wakulima wengi walipanda iliki chini ya kivuli cha msitu, nayo iliwapa fedha ya shule na ya matibabu, ingawa kilimo chake kilizuia miche michanga ya msitu isikue. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukanda wa Derema ulipotengwa uwe hifadhi, kilimo hicho kilikatazwa humo, na shauri la fidia likachukua miaka. Haki ya shauri hilo si kazi ya makala haya kuiamua. Inatosha kuonyesha kwamba mtu aliyezuiwa kuingia msituni hana tena nafasi ya kumwonyesha mwanawe mti na kumtajia jina lake. Msitu waweza kuokoka na majina yake yakafa.

MAJINA YADUMUYO NA YABADILIKAYO

Hoja ya kale ya wataalamu ilikuwa kwamba majina ya wenyeji hayaaminiki, kwa kuwa jina moja huitwa miti miwili na mti mmoja huitwa majina matatu, hali Kilatini ni kimoja kwa dunia nzima. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, na kila aliyejaribu kutunga orodha ya majina ya mimea anaujua. Lakini historia yaonyesha upande wa pili. Greenway alipochapisha kamusi yake, mvule uliitwa Chlorophora excelsa. Leo huitwa Milicia excelsa. Tangu mwaka 2015 wataalamu wengi wameliingiza ua la Usambara katika jamii ya Streptocarpus, na jina la Saint Paul likashushwa cheo. Mvule bado ni mvule. Mtu asomaye kamusi ya mwaka 1937 leo aweza kupotezwa na safu ya Kilatini, na safu ya Kiswahili ndiyo imwongozayo.

Siku hizi baadhi ya wataalamu wameanza kufuata njia nyingine. Mwaka 2002 chura mmoja mpya wa milima ya Ukaguru, mojawapo ya milima ya Tao la Mashariki kama Usambara, alipewa jina la Churamiti maridadi. Kiswahili kimeingia katika Kilatini waziwazi, si kwa ajali ya matamshi kama katika usambarensis. Hilo ni la kupendeza, ila ni jina lililotungwa na wageni kwa heshima ya lugha. Majina yaliyotungwa na wenyeji kwa mahitaji yao wenyewe yangali yangoja.

Kazi iliyobaki ni dhahiri, na haihitaji fedha nyingi. Kamusi ya Greenway inastahili kutazamwa upya, Kilatini chake kirekebishwe, na kila jina liandikwe limesikiwa wapi na kwa lugha gani. Pamoja nayo ipangwe orodha ya Kishambaa na Kibondei, itwaliwe kwa wazee walima iliki, wapasua mbao, waganga na wakunga wa vijiji vya Amani, kwa kutembea nao msituni mti kwa mti, maana jina litajwalo chumbani bila mti mbele ya macho hukosewa kwa urahisi. Mwanalugha na mtaalamu wa mimea waende pamoja. Kosa la mwaka 1902 lilikuwa kila mmoja kukaa katika mlima wake. Watu waliozaliwa kabla ya misumeno ya mashine kuingia msituni sasa ni wazee, na kila mwaka hupungua. Bustani ya Amani imekwisha kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 100, na msitu wake una hifadhi. Majina ya msitu huo hayana ulinzi mwingine ila kumbukumbu za wazee hao.